Vipimo vimekubali, je ndo nalazimika kumtolea kaka figo?

Ndege_Mpweke: Wakuu salaam, mwenzenu nimekwama. Kaka yangu wa tumbo moja figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila safari masaa manne kwenye mashine, akirudi hana nguvu hata ya kuvua viatu. Tukapimwa ndugu wote, vipimo vimekubali kwangu peke yangu, damu inaendana, presha safi, sukari safi. Daktari akanichorea figo mbili kwenye karatasi, moja akaifuta kwa kalamu, akasema inayobaki inatanuka kidogo inabeba kazi, na uwezekano wa kufia kwenye upasuaji ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Sasa dada na shemeji wananiambia sayansi imeshajibu, unasubiri nini? Mimi naogopa, nina watoto wadogo wawili, halafu niseme ukweli mi na kaka tulikuwa hatuongei mwaka wa nne huu. Hivi kipimo kinaweza kuniambia napaswa kutoa?

Msema_Hovyo: Toa mkuu, damu nzito kuliko maji. Ningekuwa mimi natoa leo leo.

Mama_Wawili: @Msema_Hovyo figo ya kwenye kibodi haiumi eeh?

Kalamu_Kavu: Pole sana. Kipimo kimekwambia unaweza, hakijasema unapaswa. Mskochi mmoja David Hume aliligusa hili tangu 1740, kwamba watu wanaanza kuongea mambo yalivyo, mara ghafla unawakuta wapo kwenye mambo yanavyopaswa kuwa, na hawakuonyeshi walivukia wapi. Shemeji yako karuka hapohapo, ila tusimlaumu, mumewe anaumwa.

Darubini: Napinga kidogo. Maadili yanahusu nini kama sio watu kuumia au kupona? Na kuumia na kupona kunapimika. Figo ya mtu hai kwa kawaida inadumu kuliko ya marehemu, hiyo ni data na inahusika moja kwa moja. Chukulia kwenye kila watoaji watano anakufa mmoja, nani angekulaumu ukikataa? Kwahiyo namba zikibadilika na wajibu unabadilika, msiseme sayansi haina lake hapa.

Kalamu_Kavu: @Darubini lake inalo, inaweka mzigo kwenye mzani. Mzani wenyewe je? Hofu ya watoto wake wawili ina uzito gani mbele ya masaa manne ya kaka yake, maabara gani inapima hiyo? Kumbuka Tuskegee kule Marekani, 1932 mpaka 1972, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa uchunguzwe, hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida. Rekodi ziliendelea kuandikwa miaka yote hiyo na hakuna jedwali lililopiga kelele.

Mhudumu_Wodi: Nimekaa kitengo cha figo muda mrefu, niongeze. Upandikizaji wa kwanza kufanikiwa ni Boston 1954, Ronald Herrick kampa pacha wake Richard. Dk. Joseph Murray na wenzake kabla ya kushika kisu walienda kuuliza viongozi wa dini na wanasheria kama ni halali kumpasua mtu mzima asiyeumwa kitu. Yaani mbinu walikuwa nayo, ruhusa wakaitafuta kwingine. Richard akaishi miaka 8 zaidi.

Sasa wewe mtoa mada: omba kuonana na daktari peke yako, bila dada wala shemeji mlangoni. Vitengo vingi vina mtu wa kumsimamia mtoaji tu, sio mgonjwa. Ukikataa, kawaida ndugu wanaambiwa hufai kutoa, basi, sababu haitajwi. Na unaweza kughairi hata asubuhi ya upasuaji ukiwa umeshavaa gauni.

Ndege_Mpweke: @Mhudumu_Wodi hiyo ya kughairi nimeisoma mara tatu, usiku wa leo angalau nitalala. Darubini na Kalamu endeleeni nawasoma. Ila nimeshtuka kitu wakati naandika hapa, wanaoniomba wote ni dada na shemeji, kaka mwenyewe hajawahi kutamka. Kesho ana zamu ya mashine, nitaenda nikae naye yale masaa manne. Sijui tutaanza na lipi.

Mama_Wawili: Anza na viatu. Msaidie kuvua.