Naombeni ushauri: bia ya kopo kunuka boksi lililolowa, kosa ni la nani?

Wakuu, habari za jioni. Nipo California, na tangu niache lager nimeipenda sana peli eli (pale ale, aina ya bia yenye uchungu na harufu ya matunda), hasa Sierra Nevada ya mji wa Chico, inayopikwa tangu 1980 kwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za aina ya Cascade. Ina kilevi asilimia 5.6, na harufu yake ya balungi na msonobari naitambua hata nikifumba macho.

Juzi nimenunua makopo manne ya peli eli ya kiwanda kidogo cha jirani. Nikamimina kwenye glasi safi: rangi ya shaba, povu zito lililokaa. Lakini harufu! Badala ya matunda nikapata boksi lililolowa, na ulimini utamu wa kimea umefunika uchungu wote. Nikageuza kopo, tarehe inaonesha limefungwa miezi saba iliyopita. Na dukani yalikuwa rafuni, si kwenye friji.

Najua oksijeni na joto huua harufu ya hopsi. Sasa niihukumu bia au utunzaji? Nanyi mnaionja ikiwa na ubaridi kiasi gani? Mimi huitoa kwenye friji dakika kumi kabla. Nataka kumwandikia mpika bia maoni ya haki, maana kazi yake naiheshimu.