Wanawake na shambulio la moyo: kwenu lilianzaje? Tupeane uzoefu

BintiChumbageni

Wadau habari zenu. Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya jino.

Mama yangu mdogo ana miaka 56, anakaa Tanga, nyumba ya ghorofa. Akaanza kulalamikia taya la kushoto. Linauma, linaacha. Tukampa panadol, akasukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, wiki ikakatika. Mwisho akaniambia nimsindikize akang'oe.

Daktari wa meno, kijana tu, akamgonga jino moja moja kwa kile kichuma chao. "Hapa, mama?" "Hapana." "Na hapa?" "Hapana mwanangu." Akaweka kichuma chini. Akamuuliza: linauma ukitafuna, au ukitembea? Mama mdogo akafikiri kidogo. "Nikipanda ngazi," akasema. "Nikikaa linatulia."

Yule kijana hakung'oa kitu. Alituitia bajaji mwenyewe, akasema mama asitembee hata hatua, kapimweni moyo sasa hivi. Tunafika, jasho limemtoka mpaka mtandio umelowa, na feni inazunguka juu yake. Ukimuuliza kifua, anajibu hakiumi, "kimejaa tu". ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha shambulio linaendelea. Usiku uleule akapelekwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mshipa mmoja uliziba, wakauzibua na kumwekea stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe tena.

Presha alikuwa nayo miaka tisa. Dawa alikuwa anameza "siku kichwa kikiuma".

Haya, semeni, kwenu lilianzaje? Naomba yaliyowakuta wenyewe, sio yale ya kusambazwa WhatsApp.

Sista_Eastlando

Pole sana kwa mama mdogo, na huyo daktari wa meno apewe soda. Mimi ni nesi wa dharura hapa Nairobi, mwaka wa kumi na moja sasa. Wacha niwaambie vile huwa wanaingia. Mwanaume huletwa ameshika kifua, watu wanne wamembeba. Mama huingia kwa miguu yake, kibeti mkononi, anaomba msamaha kwa kutusumbua. Ati ni gesi.

Msidanganyane lakini kwamba wanawake hawaumwi kifua. Kifua bado ndicho kinaongoza, hata kwao. Shida ni kwamba hakiji peke yake, kinakuja na vingine vinavyokifunika: pumzi kukata, kichefuchefu, mgongo katikati ya mabega, taya, jasho baridi, uchovu wa kushindwa hata kutandika kitanda. Tena hataki kuyaita maumivu. Anasema kubanwa, uzito, kujaa, kama huyo mama yetu.

Mkifika, mtaje moyo pale mlangoni. Ukianza na gesi utapangwa foleni ya gesi. ECG inafaa ifanywe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Na ikitoka safi, usikimbilie nyumbani: kuna kipimo cha damu, troponini, na hurudiwa baada ya saa kadhaa kwa sababu mapema kinaweza kuwa hakijapanda.

BabaWawili_Mza

Nimesoma hapo kwenye gesi nikaweka simu chini kwanza.

Mke wangu alikuwa na miaka 39. Mimba ya pili, 2016, presha ilimpanda hadi 170/110, miguu imevimba, akafanyiwa upasuaji mtoto akiwa wa wiki 34. Presha ikashuka, tukaruhusiwa. Hakuna aliyetuambia turudi kupima. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nahesabu bili.

2023 akaanza kuchoka. Sasa mama anayeuza dagaa, anayeamka saa tisa usiku, akisema amechoka utashangaa nini? Ila kulikuwa na kitu nilikiona na sikukielewa: ile ndoo aliyokuwa akiibeba moja kwa moja mpaka kwenye meza yake, alianza kuitua njiani. Mara moja, baadaye mara tatu. Halafu akawa anasema chembe cha moyo kinawaka. Zahanati wakampa dawa za vidonda vya tumbo, siku 14.

Siku ya kumi na moja alianguka sokoni. Hatukuwahi.

Daktari alikuja kunieleza kwamba presha kali ya mimba huongeza hatari ya magonjwa ya moyo karibu mara mbili, hata miaka mingi baada ya kujifungua. Kadi ya kliniki ninayo bado, ile 170/110 wameizungushia kalamu nyekundu. Akina mama wenye kadi kama hiyo, itoeni kabatini mwende nayo. Pimeni presha, sukari na mafuta ya damu, na rudieni kila mwaka.

MzeeWaKijiwe

Pole sana kaka. Mungu akutie nguvu na watoto.

Naomba kuuliza, si ugonjwa wa wanene huu? Wangu ana kilo 50 tu. Na ile ya kutafuna aspirini shambulio likianza, ni kweli?

Sista_Eastlando

@MzeeWaKijiwe kilo 50 na presha ya 160 ambayo hajui anayo, huyo namwogopa zaidi. Kuna kisukari, sigara, mama au dada aliyepata mapema, hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Vyote havionekani kwa mizani.

Aspirini ni kweli: miligramu 300, itafunwe, isimezwe nzima. Si kwa mwenye mzio nayo, wala mwenye kidonda kinachovuja damu, wala ukiona mdomo umepinda au mkono umelegea, hicho huenda ni kiharusi. Na itafuneni mkiwa njiani. Msikae kusubiri ifanye kazi.

ShangaziUnguja

Yangu mie haikuwa mshipa kuziba. Mume wangu alifariki alfajiri, tukazika alasiri. Usiku nikahisi kifua kimekazwa, kama mtu kanifunga mkwiju kisha anavuta. Ndugu wakasema uchungu wa msiba huo, nipewe maji ya kombe nilale. Mkamwanangu ndiye aliyekataa. "Mama, eda haikukatazi hospitali."

Vipimo vyote vikasema shambulio. Nikavushwa Dar, walipoiangalia mishipa, safi! Ila moyo wenyewe upande mmoja umefura kama mtungi. Daktari akanambia Wajapani walioueleza mwaka 1990 waliupa jina la mtungi wao wa kutegea pweza, takotsubo: shingo nyembamba, tumbo pana. Nikacheka na machozi yananitoka. Sie huku pweza tunamchokoa kwa mti maji yakikupwa, kumbe wenzetu wana mitungi! Huwapata zaidi wanawake waliokwishakoma hedhi, baada ya pigo kubwa. Wangu ulirudi hali yake baada ya wiki kadhaa. Lakini ukiwa nyumbani huwezi kuutofautisha na ule mwingine, usikae ukachagua.

DawaAsilia_Tz

Kitunguu saumu punje saba na limao asubuhi, mishipa inazibuka yenyewe. Karibuni inbox.

BintiChumbageni

@DawaAsilia_Tz kitunguu saumu na limao havizibui mshipa, na uzi ni wa yaliyokukuta, ndugu. Inbox yako baki nayo.

@BabaWawili_Mza sina neno, kaka. Kadi yangu ya 2019 nimeitafuta jana usiku, ina 150/100. Jumatatu naenda.

Kwa wanaouliza hali ya mama mdogo: dawa anameza saa mbili usiku, alamu imewekwa kwenye simu ya mjukuu. Chumvi ya mezani tumeiondoa, kanuna siku tatu. Jino bado analo. Jana kalimenyea muwa.