Naomba ushauri: kupima homoni ya ukuaji kwa panya waliopewa ipamorelini

Ndugu wanachama, natanguliza heshima. Ninatafiti ipamorelini, peptidi ya asidi amino 5 inayoamsha kipokezi cha grelini (homoni ya njaa) ili tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji. Nimekwama kwenye panya dume wa kulinganishia, wanaodungwa maji ya chumvi tu, kwani homoni yao, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mawimbi ya takriban kila saa 3, hupanda kiasi cha kufunika athari ya peptidi. Nimewazoesha kushikwa na kuchukua damu saa ileile, lakini kupandashuka huko kwa homoni kumebaki, nami sipendi kutumia wanyama zaidi bila sababu. Je, niwape nusukaputi ya pentobabitali kabla ya kudunga, au niweke katheta (mrija mwembamba kwenye mshipa) na kuchukua sampuli kila dakika 15 kwa panya yuleyule?