Kwa nini siwezi kupita Sabasaba belo likifunguliwa?

Mkazi wa Kisasa
Mbukwenyi wakuu. Nina swali, ila msinicheke. Nilikuja Dodoma na ofisi, kwenye ile hamahama ya serikali iliyoanza 2016. Nakaa Kisasa, kazini Mtumba. Mashati ninayo, mengine hata sijayavaa. Lakini Jumamosi nikisikia pale soko la Sabasaba kuna belo la mitumba linafunguliwa, nimefika. Nasimama na akina mama, kisu kinakata kamba, mlundo unamwagika kwenye turubai, moyo unanienda mbio kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Juzi nimetoka na koti la manyoya. Manyoya, Dodoma hii!

Sasa hapo hapo pembeni kuna kijana katundika mashati safi, yamepigwa pasi, bei anakutajia hujauliza. Ni mazuri kuliko ninayookota mimi. Nampita bila kugeuza shingo. Shemeji yenu anasema ni ushamba tu. Ni nini hiki?

Bundi Msomi
Mkuu, mwambie shemeji ni ubongo. Wolfram Schultz, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Ubongo ya 2017, alipima kwa kima seli za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima akipewa tone la juisi asilolitarajia, seli zinachachamaa. Akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, zinachachamaa kwenye taa. Juisi yenyewe ikija, kimya. Juisi isipokuja, zinashuka saa ile ile ilipotakiwa kufika. Kwa hiyo zinachopima ni tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata. Shati lililotundikwa ulishalimaliza kwa macho.

Na kukosa hakukufukuzi. Njiwa wa mwanasaikolojia B. F. Skinner walipopewa chakula mara moja moja, bila kujua ni donoo lipi litakaloleta punje, walidonoa bila kuchoka. Wenye mashine za kamari wanalijua hili vizuri sana.

Mama Belo
Kaka wa koti nadhani nakujua, wewe hujaribishi, unabeba tu 😂. Nikupe siri: nikifungua mzigo, nguo kali sizitundiki zote. Nyingine nazirudisha chini ya mlundo, mtu achimbue mwenyewe. Aliyeokota kwa mkono wake habishani sana bei.

Ila hiyo raha ni yenu. Mimi belo nanunua limefungwa, ndani sioni. Niliwahi kufungua la mashati, nusu yake madoa ya mafuta, na aliyeniuzia simu hapokei. Angetokea mtu wa kuniambia kilichomo kabla sijalipa, ningemwongezea na hela ya soda.

Mjukuu wa Bahi
Dada kasema kweli. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na katikati inakatika inavyotaka. Ndiyo maana wazee waling'ang'ania uwele na mtama. Hakuna mkulima anayetamani kushtukizwa mwezi wa pili. Haya mambo ya kutafuta mshangao ni ya wenye mshahara.

Ingawa, niseme ukweli, treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma 2024, bibi yangu alitusumbua mpaka akapelekwa stesheni. Safari hana. Aione tu ikiondoka.

Mkazi wa Kisasa
Hapo kwa bibi umejijibu, mkuu. Mshahara hana na hamu anayo. Mimi naona kinachotutenga ni nani analipa mambo yakienda kombo. Koti limenila elfu saba, nimecheka yakaisha. Belo bovu kwa dada ni mtaji umekwenda. Dada, mzigo mwingine lini?

Mama Belo
Ukifika nitatangaza. Ila njoo na chenji, halafu usisimame mbele ya akina mama. Mzigo ukimwagika hawaangalii cheo cha mtu.