Tupeane uzoefu: vijana wa amani Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, moyo mnautoa wapi?

Kijana wa Rupa: Usiku wa kuamkia leo risasi zimelia tena huku kwetu. Nimekumbuka 2021, operesheni ya jeshi ya kukusanya bunduki, Usalama kwa Wote, ilipoanza, tukadhani yamekwisha. Nyie mnaohubiri amani, hamchoki?

Binti Kotido: Nimechoka sana tu. Tuliandaa mechi na vijana wa ng'ambo ya mto. Usiku wa kuamkia fainali zizi letu likavamiwa, ng'ombe wakaswagwa wote, golikipa wetu akapigwa risasi pale pale mlangoni. Jezi yake nilikuwa nimeifua mimi, bado mbichi kwenye kamba. Msibani bibi yake akaniuliza mbele za watu, "Hiyo amani yenu inafunga mlango wa zizi?" Nilikosa la kusema. Mpira nikaususa kabisa. Walionirudisha ni wale wale wa ng'ambo: walikuja timu nzima, wakashika majembe, wakachimba kaburi na sisi.

Boda Kaabong: Pole dada. Nimeishiwa maneno.

Mzee Kijana: Tangu 1979, Amin alipoanguka na ghala la silaha la Moroto likavunjwa, bunduki hazijatutoka. Zisalimishwe zote kwanza, mechi baadaye.

Kijana wa Rupa: Baba alisalimisha yake kwa hiari, enzi zile za 2001 watu wakipewa plau na mabati. Majirani waliobaki na zao wakaja kutumaliza. Usitufundishe ukiwa Kampala.

Mzee Kijana: Nani kakwambia niko Kampala? Niko Namalu, hapa hapa Karamoja, napalilia mahindi.

Mama Pacha: Jamani. Ushauri wangu: usiende kwenye mazizi peke yako, tangulia na mzee anayeheshimika.

Boda Kaabong: Mzee yupi? Si ndio hao wanaobariki vijana kabla ya kwenda kuvamia?

Mama Pacha: Na ndio hao waliopatana Lokiriama, mpakani, 1973, Wamatheniko wa huku kwetu na Waturkana wa Kenya, hadi leo watu wanakwenda kuadhimisha. Akikataa mzee kubariki, wengi hawatoki.

Boda Kaabong: Mimi nasema tuoe ng'ambo. Nani atamvamia mkwewe?

Binti Kotido: Mahari utatoa ng'ombe wa nani? 😂

Boda Kaabong: Hapo umenikamata.

Binti Kotido: Haya, Jumamosi tunacheza tena. Mwenye mpira namba 5 aniandikie, wetu umetobolewa na miiba.