Debian 13, Mint 22 au Ubuntu 24.04 kwa mashine 12 za darasa Lamu: ipi haitamaliza bando?

Darasa_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wenzangu. Nataka rai zenu kabla sijaanza kupakua.

Mashine ni 12. Laptopu 9 na dekstopu 2 ni Core i5 za kizazi cha 3 na cha 4, RAM GB 4, diski za kuzunguka za GB 500. Zilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiingii: yataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel yaanzia kizazi cha 8. Ya 12 ni laptopu kongwe ya RAM GB 2, Windows yake ni ya biti 32.

Kazi ni LibreOffice, kivinjari, na kuchapisha kwa HP LaserJet P1102 na Epson L3110. Intaneti ni ya simu, kwa bando. Nimechuja mifumo ya Linux nikabaki na Ubuntu 24.04, Mint 22.2 Xfce na Debian 13 Xfce (Xfce ni mazingira mepesi ya dawati). Ipi, na kwa nini? Nataka moja tu, nisichanganye.

Mtepe (Lamu)

Waaleikum salaam maalim. Ubuntu itoe mapema. Kwa RAM GB 4, GNOME (mazingira ya dawati ya Ubuntu) itakula sehemu kubwa kabla mwanafunzi hajafungua chochote. Firefox yake huja kama snap (aina ya pakiti ya Ubuntu): kwenye diski ya kuzunguka huchelewa kufunguka mara ya kwanza, na snap hujisasisha yenyewe kwa bando lako. Kuna `sudo snap refresh --hold` ya kuzizuia, lakini ya nini kununua ugonjwa ndipo utafute dawa?

Mint 22.2 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 bila snap, Firefox ni pakiti ya deb ya kawaida, na inahudumiwa hadi 2029. ISO (faili la kisakinishi) ya Xfce ni karibu GB 3. Unaipakua mara moja, unaiandika kwenye flashi, na mashine zote zinawekwa bila intaneti hata kidogo. Linganisha `sha256sum` yake (namba ya kuthibitisha faili) na ile iliyotangazwa na Mint kabla ya kuandika. ISO iliyopungua njiani mara nyingi huwaka vizuri, kisha usakinishaji hufia katikati, ukadhani ni diski. Kuandika:

`sudo dd if=linuxmint.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync`

Tazama `lsblk` kwanza ujue flashi ni ipi. Jina la faili na `sdb` weka vya kwako. Dd haiulizi mara mbili.

Sabaki (Malindi)

Kuhusu Ubuntu nakubaliana na Mtepe. Zaidi ya hapo, mimi ni wa Debian 13.

Ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, kerneli ni 6.12, Xfce ni 4.20 (Mint 22 imebaki na 4.18). Ukihesabu na miaka ya LTS (huduma ya muda mrefu) unafika 2030. Na pakiti zake zikishatulia hazibadiliki matoleo ovyo, kwa hivyo masasisho ni ya usalama zaidi. Kwa mtu wa bando, hilo ni pesa.

Mitego yake ni miwili ambayo kila mgeni huingia. Kisakinishi kikikuuliza nywila ya root (msimamizi mkuu), iache tupu. Ukiiandika, mtumiaji wa kwanza hawekwi kwenye kundi la sudo (wanaoruhusiwa kazi za msimamizi), na kila `sudo` utakayoandika itakataa. Pili, kwenye orodha ya mazingira ondoa alama ya GNOME, weka Xfce. Watu hubonyeza Endelea kwa haraka, wakajikuta wamepakua mazingira mawili.

Firmware ya WiFi siku hizi imo ndani ya kisakinishi tangu Debian 12, kile kizaazaa cha zamani cha kutafuta flashi ya pili kimepungua sana. Zinazosumbua bado ni baadhi ya kadi za Broadcom.

Kwa RAM GB 4 ongeza zram, iwe Debian au Mint:

`sudo apt install zram-tools`

Kisha ndani ya `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, halafu `sudo systemctl restart zramswap`. Hakikisha kwa `zramctl`. Kurasa zisizotumika zinabanwa ndani ya RAM badala ya kutupwa kwenye diski, na diski ya kuzunguka ikianza kutumika kama RAM ndipo mashine inaganda.

Mtepe (Lamu)

Sabaki, netinst yako (kisakinishi kidogo cha Debian) ni chini ya GB 1, kweli, lakini ikishawaka huvuta Xfce na LibreOffice kutoka mtandaoni, yapata GB 1 kwa kila mashine. Zidisha mara 11. Mint siku ya kwanza haivuti kitu.

Bi_Kaskazi (Lamu)

Hesabu hiyo ni ya mashine zinazopakua kila moja kivyake, na haifai kufanywa hivyo, iwe Debian iwe Mint. Maana hata Mint, wiki ya pili yake utasasisha mashine 11 na kila moja itavuta yale yale. Weka apt-cacher-ng (akiba ya pakiti za apt, kipakuzi cha programu cha Debian na Mint) kwenye dekstopu moja, pakiti ishuke mara moja tu, nyingine 10 zichote hapo.

Maalim, simu usiitumie kama hotspoti ya mashine zote. Simu nyingi za Android za sasa hubadilisha anwani za mtandao kila ukiiwasha hotspoti, na anwani ya dekstopu yako itapotea nayo. Fanya hivi:

Chomeka simu kwa USB kwenye dekstopu ya kwanza, washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Linux huiona kama kadi ya mtandao bila kuweka kitu. Tundu la waya la dekstopu hiyo liende kwenye swichi ya matundu 16, na mashine nyingine zote ziunganishwe hapo kwa waya. Angalia jina la kadi ya waya kwa `ip -br link`, kisha (badilisha enp0s25 kwa jina lako):

`sudo nmcli connection add type ethernet ifname enp0s25 con-name darasa ipv4.method shared`

NetworkManager itaipa dekstopu hiyo 10.42.0.1 na kuwagawia wengine anwani. Hiyo 10.42.0.1 haihami ukibadilisha simu au laini. Halafu `sudo apt install apt-cacher-ng`, inasikiliza kwenye mlango (port) 3142.

Na hapa ndipo netinst inaishinda ISO kubwa. Kisakinishi cha Debian kina swali la HTTP proxy (mashine ya katikati ya kupitishia upakuaji), ambalo wengi huliacha wazi. Andika `http://10.42.0.1:3142`. Mashine ya kwanza kupita hapo itavuta GB 1 kutoka kwenye bando, zinazofuata zitavuta kutoka chumba hicho hicho. Anwani hiyo hubaki kwenye mipangilio ya apt baada ya kusakinisha, kwa hivyo masasisho nayo yatapita hapo.

Ukichagua Mint, kila mashine iandikie mwenyewe `/etc/apt/apt.conf.d/02proxy` yenye mstari mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://10.42.0.1:3142";`

Moja tu kati ya hizo mbili, sawa ulivyosema. Ukichanganya Mint na Debian, akiba inabeba pakiti za Ubuntu na za Debian, na bando linalipa mara mbili.

Printa zote mbili chomeka kwenye dekstopu hiyo hiyo, kisha `sudo cupsctl --share-printers`. P1102 yataka `hplip`, halafu `hp-plugin -i`, kwa sababu sehemu yake ya HP si huria na haimo kwenye pakiti. Bila hiyo, kazi huondoka kwenye foleni kama imechapwa na karatasi haitoki. Ukiigawa, plagini unaiweka mara moja badala ya mara 11. Epson: `printer-driver-escpr`, basi.

Fundi_Mokowe (Lamu)

Mnabishana distro (aina za Linux) na diski hamjaipima. Kabla ya yote washa kila mashine kwa flashi, weka `smartmontools`, kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`. Soma mstari wa Reallocated_Sector_Ct na wa Current_Pending_Sector. Hiyo ya pili ikiwa si sifuri, diski hiyo usiisakinishie kitu.

Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu, ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 yatosha na zaidi. Tofauti ya Mint na Debian haionekani ukilinganisha na hiyo. RAM ni ya pili, na hapo pana mtego: laptopu za kizazi cha 4 zataka DDR3L ya volti 1.35, imeandikwa PC3L. Ukiletewa PC3 ya volti 1.5 itaingia kwenye tundu sawasawa, mashine ikalia bipu au isiwake.

RAM za huku zikianza kuzingua usizitupe. Hewa ya chumvi hushika meno yake. Futa kwa raba ya penseli taratibu, malizia na spiriti ya isopropili, rudisha.

Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, ingia BIOS (HP ni F10, menyu ya kuwashia ni F9) ubadilishe SATA (muunganisho wa diski) kutoka hali ya RAID kwenda AHCI. Na kwa mashine zenye faili za kuokoa, ukiwa bado ndani ya Windows endesha `powercfg /h off` kisha uzime. Usipofanya, Linux itafungua sehemu ya Windows kwa kusoma tu.

Matlai (Malindi)

Nyongeza kwa waliochagua Debian 13: `/tmp` sasa iko ndani ya RAM, inaruhusiwa kufika nusu yake. Kwa GB 4 ni GB 2. Mtu akiskani kitabu kizima kwa ile L3110, faili za muda zinaingia RAM na mashine inajaa. Na umeme ukikatika, kilichokuwa `/tmp` kimekwenda. Kuirudisha kwenye diski: `sudo systemctl mask tmp.mount`, kisha washa upya. Kwa darasa ningelifanya kila mashine.

Ile ya 12: usidanganywe na Windows ya biti 32. Washa kwa flashi, andika `lscpu | grep op-mode`. Ikisema 32-bit, 64-bit, ni kichakataji cha kawaida, weka Debian kama nyingine, ila RAM GB 2 vichupo vya kivinjari viwe vichache. Ikisema 32-bit peke yake, Debian 13 haina tena kisakinishi chake, na Mint 22 haipo. Mojawapo ya zilizobaki ni antiX 23, Linux nyepesi iliyojengwa juu ya Debian 12. Lakini Mozilla imekwisha tangaza kuwa Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32, na ESR 140 (toleo lake la huduma ndefu) itahudumiwa angalau hadi Septemba 2026. Mashine hiyo ni ya kuandika na kufundishia terminali, nje ya mtandao.

Mtepe (Lamu)

Bi Kaskazi, hilo la swali la proxy limenibana, sikatai. Ila mwenye darasa ajue kwamba Mint inampa Timeshift (ya kurudisha mfumo ulivyokuwa) na kidirisha cha masasisho ambacho mwalimu asiye fundi anakielewa. Debian Xfce itamtaka terminali.

Darasa_Langoni (Lamu)

Ahsanteni nyote. Ya 12 inasema 32-bit, 64-bit, alhamdulillahi. Naelekea Debian. Nimejaribu dekstopu mbili kwa mpango wa Bi Kaskazi. Ya kwanza sawa. Ya pili `apt update` inakataa hivi: "Release file is not valid yet". Na nilipoongeza kivinjari kutoka hazina ya https (hazina ni ghala la pakiti mtandaoni), ikaja "403 CONNECT denied".

Bi_Kaskazi (Lamu)

Ya 403 ni kawaida: apt-cacher-ng haipitishi https mpaka iruhusiwe. Isikupe tabu, kwenye mashine za wanafunzi ongeza mstari wa pili chini ya ule wa proxy:

`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Zitapita moja kwa moja. Hazitahifadhiwa, kwa hivyo hazina za https ziwe chache. Firefox ESR ya Debian yenyewe yatosha.

Fundi_Mokowe (Lamu)

Ya kwanza ni saa, maalim. Andika `date` uone, itakuwa imerudi nyuma. Betri ya sarafu ya CR2032 imekufa, mashine ikikosa umeme inasahau tarehe, na apt inaona faili la hazina limeandikwa kesho. Kwa leo:

`sudo date -s "2026-01-20 09:00"` (weka tarehe ya kweli)

Kisha badilisha betri. Mashine za umri huo zimekaribiana, kwa hivyo agiza 12 pamoja na SSD, zije kwa basi moja hadi Mokowe.