Naomba ushauri: mashine ya kufyekea nimeshaitumia, naweza kuirudisha nichukue kubwa zaidi?

Wakuu, habari zenu. Siku 9 zilizopita nilinunua mashine ya kufyekea nyasi, ile ya betri ya volti 18 inayokata kwa uzi wa nailoni. Nilijidanganya kwamba uwanja wangu ni mdogo. Kumbe udogo wa uwanja si hoja, hoja ni aina ya nyasi. Zile laini inazinyoa vizuri tu, lakini nikifika kule nyuma kwenye magugu yenye shina gumu, uzi unakatika. Nasimama, nafungua kichwa, navuta mwingine, dakika mbili tena paa! Betri nayo nusu saa haifiki.

Sasa naitaka ya injini ya petroli, yenye kisu cha chuma. Shida ni kwamba hii nimeshaitumia mara tatu. Nimeifuta ikafutika, ila kava ya kinga imeshika ukijani usiotoka hata kwa sabuni. Risiti, boksi na chaja vyote ninavyo. Mke wangu ananiambia nikaseme ni mbovu. Roho inakataa, maana mashine haina kosa, kosa la kuchagua ni langu.

Mliowahi kufanya hivi, muuzaji hupokea kilichotumika ukiongezea hela? Alikata kiasi gani? Au niiuze mwenyewe kwa mtu mwenye nyasi laini? Na wenye hizo za petroli, kuchanganya petroli na oili 50 kwa 1 (petroli sehemu 50, oili sehemu 1) kila mara hakuwachoshi?